Utani Uliohamishiwa Kisarawe

Ukitaka kujua Mwanahalima Jumbe amekuweka fungu gani, sikiliza anavyosonya. Kwa mkuu wa chuo alisonya kimoyomoyo, midomo imefungwa, maana mkuu ndiye anayesaini mikataba. Kwa walimu wenzake alisonya waziwazi huku akigeuza shingo. Watu wa kompyuta hakuwapa hata heshima ya kusonywa. Aliwatazama kuanzia viatu mpaka nywele, akarudi tena kwenye viatu, kisha akaendelea na chai yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa kiasi, mtandio wake haujawahi kukutwa na mkunjo, na alifundisha kwenye chuo kidogo cha maofisa ugani pale Visiga, Kibaha, chuo ambacho mwenyewe alikiita banda la kuku lililopakwa rangi.

Kwao ni Kisarawe, ndani huko, mbali na lami, kwenye ukoo wa Kizaramo uliolima mihogo na mikorosho tangu enzi za babu wa babu. Dada yake mkubwa, Hajra, ndiye aliyebaki na mashamba. Mwanahalima alisoma. Wapo watu ambao elimu huwalainisha. Yeye ilimpa tu maneno zaidi ya kuwasema wenzake. Aliwadharau wanaolima bila kupima udongo, akawadharau na wanaopima udongo bila kulima. Aliwadharau watu wa Dar wanaonunua kiwanja Kibaha wakajenga geti kabla ya nyumba. Alidharau semina zote, hasa zile za kugawiwa fulana. Tukubaliane kwamba mara nyingi alikuwa na haki, maana zile fulana hazimalizi hata mwezi.

Lakini darasani alikuwa moto. Wanafunzi wake wengi walikuwa vijana wa Kisukuma, watoto wa wafugaji walioshuka Pwani na ng'ombe wao, wakaweka maboma upande wa Soga na kwingineko. Mzaramo na Msukuma ni watani wa jadi, na aliyekulia Pwani hahitaji kuelezwa: unaweza kumsema mtani wako mbele ya mama yake mzazi na mama akacheka, mradi na yeye apewe nafasi ya kukurudishia. Mwanahalima aliujua utani huo kuliko alivyovijua vitabu, na ndicho chombo alichofundishia. Kozi yake iliitwa Malisho na Maji. Ilihusu namna mkulima na mfugaji wanavyoweza kukaa jirani bila kutoana roho, na mkoani Pwani hilo si jambo la kuchezea.

Chuo kilipoleta jukwaa la masomo ya mtandaoni, alilidharau kwa muda, kisha akaligeuza uwanja wake. Aliweka humo mijadala, na kila mjadala ulianza na kisa alichokitunga mwenyewe, kikali kama pilipili mbichi. Kimojawapo kilisema: "Mke na ndama wa mfugaji wametumbukia lamboni kwa pamoja. Mfugaji ataokoa nani kwanza? Eleza."

Aliyekuwa akijibu kabla ya wote ni Shija Magembe, kijana mrefu wa Soga, mpole sana nje ya utani. Aliandika: "Ndama, madam. Mke mwenyewe ni Mzaramo, atapiga kelele mpaka kijiji kizima kije kumtoa. Ndama hana mdomo huo." Darasa likacheka siku nzima. Mwalimu akauliza tena: "Ng'ombe wamekuta shamba la mihogo. Mfugaji ataomba njia, au atapitisha kwanza halafu ajifanye hajui Kiswahili?" Shija akajibu: "Atapitisha. Angeomba kwa nani, na mwenye shamba yuko ngomani tangu Ijumaa?"

Kutoka kwenye vijembe hivyo mjadala ulitambaa wenyewe mpaka kwenye uzio wa lambo, lile bwawa la mifugo, zamu za kunywesha, na njia za mifugo. Vijana walijifunza bila kujua kwamba wanafundishwa. Mwanahalima alilijua hilo na alijisikia. Kazi ya kusahihisha michango aliiona ni ya watu waliokosa kazi, kwa hiyo aliliagiza jukwaa limpe alama zote kila atakayeandika chochote.

Basi chuoni akaletwa Peter, mratibu wa masomo ya mtandaoni, kijana wa suruali ya kubana na kikombe cha chuma kilichoandikwa jina lake, kana kwamba kuna mtu angekitamani. Siku moja alimfuata Mwanahalima kwenye chumba cha walimu.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba." Ilitoka kama mbegu ya chungwa inayotemwa.

"Madam, tunafungua kozi fupi Kisarawe, ya vikundi vya wakulima. Mkuu anataka mazoezi ya Malisho na Maji tuyahamishie kule. Nilikuwa naomba tukae tuyapitie, tuone yapi yaende kama yalivyo na yapi tuyabadilishe kidogo."

Mwanahalima alifanya ile safari yake ya viatu mpaka nywele. "Tukae, mimi na wewe? Wewe ng'ombe umewahi kumwona wapi, baba? Buchani?"

Walimu wawili wakacheka. Peter naye akajaribu kucheka, ili ionekane yumo.

"Ni kuyapitia tu, madam. Wanafunzi wa kule si kama wa hapa."

"Wa kule ni ndugu zangu. Unataka unifundishe ndugu zangu?" Akachukua kikombe chake. "Kazi yako ni kubofya. Kabofye."

Peter akaenda kubofya. Alifungua kozi ya Kibaha, akaweka tiki kwenye kila zoezi, akachagua kozi ya Kisarawe kuwa ndiko mzigo unakoshushwa. Jukwaa likamuuliza kama ahamishe na michango ya wanafunzi. Akakataa, na hapo hakukosea, maana hakuna anayewaingiza wanafunzi wapya kwenye chumba kilichojaa maneno ya wenzao. Kabla chai ya Mwanahalima haijapoa, kazi ilikuwa imekwisha. Maswali yake yote yalivuka kwenda Kisarawe, neno kwa neno. Majibu ya Shija yalibaki Kibaha.

Kule kozi ilipokelewa vizuri mno. Mkuu wa chuo alisimama kwenye kikao akatangaza kwamba wakulima wa Kisarawe wanapata alama zote kila zoezi, akaomba makofi. Mwanahalima alipiga makofi kwa vidole viwili. Moyoni alifurahi, si kwa ajili ya mkuu, bali kwa sababu Hajra, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama cha kijijini kwao, alikuwa amempigia simu.

"Mwana, kozi yako tamu! Tunaisoma ghalani kwenye simu yangu, kina mama wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wanasema huyu hajabadilika hata kidogo."

"Nibadilike niwe nani, dada?"

Hakuifungua kozi yenyewe. Kufungua kitu kilichopangwa na Peter ingekuwa kumpa Peter ukubwa.

Ulipofika wakati wa mafunzo kwa vitendo, kila mwanafunzi alitakiwa kuishi kijijini msimu mmoja, akubaliwe na wenyeji na afanye nao kazi. Bila hivyo hakuna cheti. Kwa Shija jambo hili lilikuwa zito kuliko kwa wengine. Baba yake, mzee Magembe, alikuwa hajawahi kuuona umuhimu wa kusomea ng'ombe alionao tayari, na alishasema: msimu huu ndio wa mwisho, ukirudi bila cheti unashika fimbo yako kama ndugu zako. Mwanahalima akaamua kumpeleka Kisarawe, kijijini kwake. Kule malumbano ya mashamba na mifugo yalikuwa yameanza kunuka, na alitaka kuwaonyesha watu wa wilaya kwamba Msukuma mmoja aliyepita mikononi mwake anatosha.

"Nakutuma kwetu, mtani," alimwambia. "Usinimalizie mihogo."

"Nitaimaliza, madam. Wenyewe si mmelala?"

Shija aliondoka asubuhi akicheka. Kesho yake Mwanahalima alimkuta amekaa kwenye benchi la getini, mfuko wake mapajani, viatu vina vumbi jekundu.

"Vipi tena?"

"Hawakuniruhusu hata kutua mfuko, madam."

Mwanahalima alimpigia dada yake pale pale, sauti juu.

"Dada, mgeni wangu mmemfanya nini?"

"Mwana, huyo uliyemleta si ni wale wa kwenye kozi?"

"Wale gani?"

"Wale wanaookoa ndama," Hajra akasema, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo analolijua. "Wewe mwenyewe umetufundisha, halafu unatuletea mmoja tulale naye kijiji kimoja? Wenzangu wamekataa. Na mimi nimekataa."

Ndipo akaifungua. Alikaa kwenye kompyuta ya chumba cha walimu, akaingia kwenye kozi ya Kisarawe, akateremka. Lile swali la lambo lilikuwa pale, maneno yake mwenyewe, hakuna hata moja lililopotea njiani. Chini yake palikuwa na majibu. "Ataokoa ndama. Mke kwao ni kitu cha kununua tu." Alama zote. "Ndama. Hawa watu huruma hawana, mwaka jana wamenilishia shamba zima la mihogo na mtoto wangu mgonjwa." Alama zote. "Kama mwalimu alivyosema, Kiswahili wanakijua, wanajifanya tu. Dawa yao ni kuwapiga." Alama zote, na mtu mmoja aliongeza alama ya kidole gumba. Jibu la mwisho lilikuwa la Hajra: "Ataokoa ndama. Tusiwakaribishe, hao si watu wenzetu."

Hapakuwa na hata mtu mmoja wa kujibu mapigo. Katika wanakikundi wote hakukuwa na Msukuma, na hao kina mama hawakuwa wakitania. Walisoma swali la mwalimu aliyesoma, mtoto wa kwao, wakaona wamepata mtu mkubwa wa kuwaunga mkono, wakamwaga yote yaliyokuwa yamewajaa kifuani tangu shamba la kwanza kulishwa. Na jukwaa lilikuwa likiwapongeza.

Mwanahalima alimwendea Peter kama mvua ya upepo. Alimkuta anakunywa chai kwenye kikombe chake chenye jina.

"Umefanya nini na kozi yangu, wewe? Nani alikutuma uvuruge?"

Peter aliweka kikombe chini. Safari hii hakucheka. "Sikuongeza hata nukta, madam. Vilevile ulivyoandika ndivyo nilivyohamisha."

"Hukuona kwamba ni utani? Huna akili ya kuona?"

"Niliona, ndiyo maana nikaja kukuomba tukae. Ukaniambia nikabofye."

Mwanahalima alimchukia kijana yule kuliko siku zote. Mtu mjinga anavumilika. Mtu uliyempa jina la ujinga halafu akawa na haki, huyo hatazamiki. Alimwambia afute mazoezi yote ya Kisarawe, Peter akayafuta mbele ya macho yake, lakini wote wawili walijua kwamba hiyo ilikuwa kazi ya bure. Kina mama walishayajua kwa moyo.

Jumamosi akamchukua Shija wakaenda Kisarawe pamoja. Alikuwa amejipanga. Angewaeleza kwa upole, angewachekesha, angemwachia Shija ajibu vile vijembe kwa mdomo wake mwenyewe mbele yao, na mambo yangekaa sawa. Alikuwa na imani hiyo kwa sababu moyoni alikuwa bado anawaona watu wa kwao kama watoto wa chekechea: ukiwachekesha kidogo, wanasahau walichokuwa wanalilia. Njia nzima alimfundisha Shija la kusema. Shija aliitikia "ndiyo, madam", akitazama nje. Mwanahalima akadhani ni woga.

Kina mama walikuwa wamekusanyika kwenye ghala la korosho, wamekaa juu ya magunia matupu. Hajra alikuwa mbele, mwembamba, mikono imekauka kwa jembe, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani. Walisalimiana vizuri. Shija aliinama akatoa shikamoo yake kwa kila mmoja, na wote waliitikia, kwa sababu shikamoo hainyimwi mtu, hata usiyemtaka.

Mwanahalima akasimama. Alieleza utani wa Wazaramo na Wasukuma, kama vile wao hawaujui. Mama mmoja akapiga miayo.

"Mwana," Hajra akamkatiza, "utani sisi tunaujua. Bibi alikuwa na watani zake, wakija msibani wanatuchekesha mpaka tunasahau kulia. Lakini mtani anakuwepo. Hapa kwenye kozi yako alikuwepo nani?"

"Ndiyo nimemleta. Shija, waambie. Lile la lambo ulinijibu nini?"

Shija alisimama. Watu wote walimtazama, na Mwanahalima akaanza kutabasamu kabla ya wakati, kama anavyofanya mtu anayejua kichekesho kinachokuja.

"Sikumbuki, madam," Shija akasema.

"Unakumbuka! Lile la kelele..."

"Sikumbuki."

Hajra alimtazama mdogo wake, akamwonea huruma. Mtu aliyezoea kuwadharau wengine huwa hajui namna ya kuhurumiwa. Mwanahalima aliona moto unampanda mpaka masikioni. Akabadilisha njia. Aliacha utani, akaomba. Alisema bila msimu huu kijana hapati cheti, na bila cheti safari yake ya shule imekwisha, na kosa si lake. Alisema atayabeba mwenyewe yote yatakayotokea. Aliongea vibaya, alirudiarudia, mtandio ulimteleza asiuweke sawa, na labda ndiyo maana wakamsikiliza.

Hajra aliwageukia wenzake. Walinong'ona. Mmoja alitikisa kichwa, mwingine akamvuta mkono akamweleza jambo, na wa kwanza akanyamaza.

"Haya," Hajra akasema. "Kwa kuwa ni wewe, mdogo wangu, na kwa kuwa umekuja mwenyewe, kijana abaki. Atalala kwa jirani yangu Omary. Tutamwangalia kwanza."

Mwanahalima alishusha pumzi. Alikuwa ameshinda, na kichwa chake kikaanza tena kunyanyuka. "Umesikia, mtani? Haya, ingiza mfuko."

Shija hakuugusa mfuko. Alimshukuru Hajra kwa adabu, kisha akamgeukia mwalimu wake.

"Madam, naomba kuuliza jambo."

"Uliza."

"Siku ile walivyonirudisha, mama hapa alinipa simu yake akaniambia nisome mwenyewe. Nilisoma yote, tangu swali la kwanza. Kule Kibaha nilikuwa nasoma swali lako na jibu langu hapo chini, naona tunachekeshana. Hapa majibu yangu hayamo. Nimesoma ya kwako tu. Ulikuwa unatania kweli?"

"Nilikuwa natania!" Ilimtoka haraka. "Wallahi, Shija, mimi na nyinyi ni watani, utani tu, mimi sina..."

"Mwana." Hajra hakupaza sauti, na uso wake haukuwa na ubaya wowote. "Usimdanganye mtoto wa watu. Kila sikukuu ukija hapa maneno yako ni hayo hayo, na hakuna Msukuma wa kukusikia. Na wewe huwa hucheki. Sisi tulivyoyaona kwenye simu, tulisema ah, huyu ni Mwana kabisa."

Kina mama wakaguna kukubali, wengine wakicheka kidogo, maana kwao ilikuwa sifa. Mwanahalima aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumdharau, na hakumpata. Shija aliinua mfuko wake, akawaaga wenyeji wote, akamaliza na yeye.

"Shikamoo, mwalimu," alimwambia, bila neno la utani, kama anavyosalimiwa mtu mzima yeyote usiyemfahamu, akatoka kwenda kwa baba yake, kushika fimbo.